Taa ya Meza Namba Tisa

Siku ya nne sasa Clifford alikuwa akikaza nati za injini za magari madogo kwa kupapasa, hapo kiwandani Coventry, Uingereza. Taa ya juu ya meza yake ilikuwa imeungua, na kwa kanuni za chama cha wafanyakazi, aliyeruhusiwa kuigusa ni fundi umeme peke yake. Fundi mwenyewe haonekani.

"Injini mbili zimerudi zinavuja!" alifoka. "Mnataka nioteshe macho vidoleni?"

"Vaa miwani, babu!" wenzake wakamcheka.

Walipotoka kwenda kunywa chai, alichomoa balbu aliyoibeba kutoka nyumbani ndani ya soksi. Akapanda juu ya kreti, akaitoa ile iliyoungua, akaizungusha hiyo mpya taratibu. Mwanga ukammwagikia mikononi, akaona grisi katika kila mkunjo wa vidole.

"Shuka, mwenyekiti wa chama."

Fundi umeme alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi, na wenzao wote nyuma yake.

"Mwaka jana msimamizi alibadilisha balbu moja tu," alisema. "Nani alitugomesha wiki sita kwa ajili hiyo?"

Hakuna aliyecheka.

Clifford aliishika balbu ili aifungue. Ilikuwa imeshapata moto, lakini hakuiachia.