Tawi Njiani

Ruguru, aliyekuwa akiwaongoza wageni kushuka mtoni, alisimama ghafla. Tawi bichi la mparachichi lilikuwa limelazwa kukingama njia, pale lilipokatwa pakiwa bado majimaji. Huku Kanja tawi kama hilo halirukwi: ni ishara kwamba mwenye shamba amekataza watu kupita.

Mwenyewe, bibi kizee, alikuwa ameketi kando ya njia, panga miguuni.

"Cucu, bibi yangu, tumekukosea nini?" Ruguru aliuliza.

"Kila Jumamosi mnapita uani kwangu mkipiga picha ndizi zangu. Salamu hakuna! Nyanya yako alikufunza hivyo?"

Ruguru akainamisha kichwa kwa haya. Ndipo alipoona ncha ya tawi imeelekezwa jikoni, na mlangoni vikombe vya uji vimepangwa, vinafuka mvuke.

Akaanza kufungua kamba za viatu ili aingie, akiwaashiria wageni wafanye vivyo hivyo.