Picha ya Akika

Siku hizi mshtakiwa huhukumiwa na watazamaji wa taarifa ya habari ya saa mbili, kwa picha moja tu iliyochaguliwa na mtu wa nyumbani kwake. Shomari, aliyeshtakiwa kumjeruhi mlinzi wa bohari, hakuwa na wasiwasi. Mkewe Tatu alimwahidi kupeleka ile anayocheka, kambeba binti yao mabegani.

Wakaketi sebuleni. Mtangazaji akataja jina, picha ikajaa kiooni: Shomari kakunja uso, kisu mkononi, damu mpaka kiwikoni.

"Hii si ya akika ya mwanetu?" akamaka. "Mbuzi yuko wapi? Wamemwondoa mbuzi!"

"Nimemwondoa mimi," Tatu akasema, wala hakugeuka.

Jibu hilo likamkata maini. Miaka kumi na mmoja wamekula sahani moja! Chini ya picha, hesabu ya waliosema ana hatia ilikuwa ikipanda mbio.

"Mama Zuhura, wewe unajua fika kwamba yule mlinzi sikumgusa."

Tatu akavuta mkono wa gauni, akafunika alama ya bluu aliyoachiwa Ijumaa.

"Najua, Baba Zuhura. Yeye hukumgusa."