Babu Aliyenunuliwa Nizwa

Babu mpya wa Firas alikuwa mapajani mwa mama yake, Kuruthum, amefungwa ndani ya kitambaa cha kijani.

Gari lilishapita Bidbid na kuishika njia ya Ibra. Ghanim, mdogo wake Kuruthum, aliendesha, uso umemkunjamana.

Ndani ya kitambaa mlikuwa na kitabu cha utabibu kilichoandikwa kwa mkono, jalada lake la ngozi nyekundu iliyopauka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na muhuri wa mwenyewe, Humud bin Khalaf, bwana mkubwa wa Unguja ya zamani, mtu wa mashamba ya mikarafuu na watumishi wa kumvua viatu. Kuruthum hakuwa na undugu naye. Alikinunua kitabu Nizwa, sokoni, katika duka la vitu vya kale, wiki iliyopita. Babu wa kweli wa mwanawe alikuwa akioka mikate ya boflo Wete. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake haukufika Ibra.

Firas alimtaka Shahad, na Shahad alimtaka Firas. Aliyesimama kati yao ni babu yake Shahad, Mzee Thabit wa Ibra. Alishamkataa mchumba mmoja, daktari, kwa sababu ukoo wake haukujulikana. Juu ya wazee wake mwenyewe hakuwa na maneno mengi. Alisema mtu wa asli hajitangazi. Kwa Firas alituma neno moja tu: wakubwa wake waje, na waje na kitu cha kuonyesha wametoka nyumba gani.

"Tungesema ukweli, dada," Ghanim alisema mwishowe.

"Kwa Bassam si tulisema ukweli, kule Sur? Tukapewa kahawa, tukarudi."

Bassam, kaka yake Firas, mpaka leo hajaoa, na siku hizi hata hataki kuulizwa.

Mzee Thabit aliwapokea majlisi, chumba cha wageni, ameegemea mto, mguu mmoja umevimba. Kando yake alikaa mwanawe Asaad, baba yake Shahad, ofisa wa serikali, kanzu imepigwa pasi mpaka inakwaruza. Walimwamkia mzee, wakala halwa, wakanywa kahawa. Kisha Kuruthum akakifungua kitambaa na kuyatoa maneno aliyokuwa akiyarudiarudia jikoni wiki nzima: baba wa marehemu mumewe, jumba la Unguja, safari ya kuondoka, na kitabu hiki, kitu pekee kilichookoka. Alisimulia vizuri. Asaad alitikisa kichwa, akasema nyumba kama hizo hazipo tena.

Mzee Thabit alikipokea kitabu, akapitisha kidole gumba juu ya ngozi. Muhuri hakuutazama. Alikifungua katikati, bila kutafuta, penye picha ya nge.

Kuruthum hakujua kwamba mna nge.

Ghanim aliweka kikombe chini.

"Asaad," mzee alisema, "mchukue mgeni ukamwonyeshe mitende. Mama Firas abaki."

Wawili wakatoka. Kuruthum alikuwa akidhani kwamba siku atakayokamatwa ataona haya. Haya haikuja. Kilichokuja ni uchovu. Alifikiria atamwambia nini Firas, aliyekuwa nyumbani ameishika simu yake tangu alfajiri.

"Humud bin Khalaf bin nani?" mzee aliuliza.

"Ami, mtoto hana kosa. Hajui lolote. Ni mimi."

"Nimekuuliza jina."

"Sijui." Akakiangalia kitabu. "Sijui, ami, na nshachoka naye. Kama ni kutufukuza, tufukuze kabla hajarudi Asaad, nisimwone uso."

Mzee Thabit alikifunga kitabu. Alikivika kitambaa chake polepole, pembe kwa pembe, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Na mimi nimechoka, mwanangu," alisema. "Nimechoka kuwauliza watu babu zao. Mwite Asaad, tusome Fatiha. Shahad ameshapata mume."

Kuruthum alimwangalia, asielewe. Mzee alimrudishia kitabu, akashusha sauti.

"Humud bin Khalaf bin Nasor bin Saif. Nilimhifadhi kwa moyo mpaka babu wa saba, kabla sijakwenda kumposa bibi yake Shahad. Harusi ikipita, mrudishe dukani. Mie nilimrudisha."