Bandari za Asmahani

Asmahani aliipokonya kadi mkononi mwa shemeji yake kabla haijaangukia makaa ya seredani. Pembe moja ilikwisha babuka.

"Thubutu tena!" alisema. "Jaribu uone!"

Kombo alirudi nyuma, akamtazama Shehe Mwinyijuma aliyekuja naye. Shehe alikuwa ameduwaa. Ukuta mzima wa chumba ulikuwa Italia: gati za Napoli, Jenova, Livorno, zote kadi za posta za kale, zilizopigwa chapa kwa mabamba ya jiwe tangu enzi za Mjerumani. Bahari ya buluu iliyokoza, mawingu ya waridi, mabibi wenye miavuli wakipunga upepo.

Mtaa mzima wa Usagara ulijua habari ya kadi hizo. Uweso, mume wa Asmahani, aliondoka na meli ya Italia mwaka hamsini na moja, kazi yake kuchochea makaa, na hakurudi. Kadi ya kwanza Asmahani alirudi nayo kutoka Muheza, alikokwenda kuuguzwa na shangazi yake. Tangu hapo hakupoa. Aliwabembeleza mabaharia, akawasumbua mafundi wa Kitaliano wa mashamba ya mkonge, na kila kadi aliyoipata aliikagua kwa kioo cha kukuzia, akimpitia kila mtu aliyesimama gatini. Maskini, walisema majirani, akili zimemruka.

Kombo hakusema maskini. Nyumba ilikuwa ya ukoo wao, na kwao mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, ama hufungasha virago. Wake wawili alikuwa nao, na bado jicho lake halikumbanduka Asmahani. Kilichomkwaza ni kimoja tu: Asmahani hakuwa mjane.

"Shehe, mwambie," alisema Kombo. "Kaka amekufa. Akae eda, tumalize. Na kadi zenyewe kuukuu! Atamwonaje humo mtu aliyeondoka juzi?"

"Gati hazihami," alijibu Asmahani.

Shehe alikohoa. "Mwanangu, hata subira ina mpaka wake."

"Shehe wangu, nakuheshimu. Lakini nani kati yenu ameliona kaburi? Nani ana shahidi?"



"Hakuna," alikiri Shehe.

"Basi shemeji, mlango ule pale. Siku utakayoleta shahidi, njoo na eda yako. Na ukigusa tena kadi zangu, nitapiga ukunga hadi Pongwe wasikie!"

Kombo alitoka akisonya. Shehe alimfuata, akimsihi amwache mtoto wa watu na wazimu wake.

Alasiri alifika Miraji, aliyechochea makaa meli moja na Uweso. Alifungua leso, akatoa kadi mpya: Trieste asubuhi, matanga ya rangi ya chungwa. Asmahani aliipokea kwa mikono miwili, uso umemnawiri.

Miraji alikunywa kahawa, kisha akanong'ona.

"Shemeji, hadi lini? Uweso nilimzika mimi, kwa mikono hii, kule Jenova. Nafsi inanisuta."

"Na ni wewe uliyenifuata Muheza kunieleza, na eda yake nikaikaa kule kule kwa shangazi, hadi siku ya mwisho. Mungu anajua. Kombo ajue ili iweje?" Aliibandika Trieste ukutani, akarudi nyuma kuitazama. "Venisi sina. Safari ijayo usinisahau."