Kosa la Kuku

Shomari na mwenzake Kibwana walikiri kuiba robota moja la waya wa shaba, walilolibeba pamoja. Kibwana akapewa kifungo cha nje, akafagie hospitali. Kisha hakimu akamgeukia mwendesha mashtaka.

"Na huyu, ana makosa ya nyuma?"

"Anayo, mheshimiwa. Alishatiwa hatiani kwa wizi wa kuku."

Kwenye benchi la nyuma, Bi Mwanahija, mama yake Shomari, aliacha kuvuta tasbihi. Kuku yule alijiingilia mwenyewe uani kwao, na Shomari hakumgusa. Ila mwanawe alipofikishwa mahakamani, ni yeye mama aliyemnong'oneza, "Kubali tu, baba, yaishe, leo hii urudi nyumbani." Akakubali, akaonywa, akaachiwa. Jioni ile Bi Mwanahija alirefusha sijda kwa shukrani.

"Wewe hapa si mgeni," hakimu alimwambia Shomari. "Mwenzako ameteleza. Wewe ni mwizi. Miaka mitatu."

Bi Mwanahija alisimama. "Mheshimiwa, yule kuku hakumwiba. Mimi ndiye niliyemwambia akubali."

Watu wakacheka.

"Kaa, mama," karani alisema, bila ubaya. "Ya kuku yalishakwisha."

Shomari alivua mkanda, akampa askari amfikishie mama yake. "Hili la leo nimeiba kweli, mama," alisema. "Kaa tu."

Kesi nyingine ikaitwa. Bi Mwanahija alibaki amesimama, mkanda una joto bado mkononi mwake.