Hereni Isiyo na Mwenzake

Alikuwa akitafuta kadi ya hospitali ya mama yake, akapata hereni.

Ilikuwa chini kabisa ya sanduku la nguo, imefungwa ndani ya leso iliyopigwa pasi. Hereni ya fedha, pana, yenye minyororo mitatu midogo inayoning'inia. Hakuhitaji lenzi kuitambua. Mwenzake ilikuwa kazini kwake, kwenye droo ya stoo ya makumbusho ya sanaa, ambako yeye ndiye msimamizi wa vito vya kale. Alikuwa ameipima, ameipiga picha, ameiandikia kadi ya maelezo kwa mkono wake mwenyewe: fedha, aliyeivaa hajulikani, ya pili ilipotea.

Akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na namba ya wino mwekundu, ndogo kama chawa.

Akakaa kitandani kwa mama yake. Chochote kinachoingia stoo, kiwe kimenunuliwa, kimetolewa zawadi au kimeazimwa, huandikwa namba, na siku kinapotoka kihalali namba hufutwa kabla hakijavuka mlango. Ndilo somo la kwanza la kazi ile. Hereni yenye namba ikikutwa nyumbani kwa mtu, haina maelezo mawili.

Na mama yake alikuwa amefagia makumbusho yale mpaka alipostaafu.

Aliona aibu hata mbele ya kuta. Mwanamke yule yule aliyewahi kumchapa kwa kurudi na kalamu ya mwanafunzi mwenzake, kumbe leso yake imeficha mali ya watu. Angemuulizaje? Yako maswali ambayo mtoto hamuulizi mzazi hata yakimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alimpelekea kadi wodini, akamnywesha uji, akamwambia daktari kasema anaendelea vizuri. Mama alimshika mkono, akataka kujua mbona amenywea hivyo. Akasema ni uchovu tu.

Hakuwa na uchovu. Alikuwa anawaza nani atacheka wa kwanza. Alipopandishwa cheo, wenzake walimtania kwamba mama alishika fagio, binti kashika funguo, na utani ule aliupokea kwa kicheko. Sasa wakijua, watasema funguo hizo familia ilikuwa nazo zamani.

Basi akaamua: funika kombe mwanaharamu apite. Kesho yake aliingia stoo na hereni ndani ya sidiria, akaifungua droo na kuilaza kando ya mwenzake. Halafu akapiga kelele ya furaha, maana ndivyo ambavyo angefanya mtu aliyeokota. Mkurugenzi alipokuja mbio, akamwambia ameikuta imeangukia nyuma ya droo. Mkurugenzi huyo, ambaye hamsifu mtu bila kukohoa kwanza, siku hiyo alimkumbatia bila hata kikohozi kimoja.

Jozi ile ikapewa kabati lake peke yake la kioo, katikati ya ukumbi. Kila aliyempongeza alikuwa kama anamzaba kofi, naye akijilazimisha kutabasamu. Usiku alikuwa hamwangalii mama yake usoni.

Mama alikuwa amesharudi nyumbani na nguvu zimemrudia. Siku ya ufunguzi wa maonyesho ya vito akasema naye anakuja. Binti akamwambia watu watakuwa wengi, ngazi ni ndefu, miguu yake bado haijakaa sawa.

"Ngazi zile nimezipiga deki mpaka zikanijua," mama akasema. "Leo ndiyo zinishinde kupanda?"

Hata hivyo alichelewa. Alifika hotuba zimekwisha, kavaa gauni lake la heshima, masikio matupu. Akaomba radhi, akaeleza kwamba alikuwa anatafuta kitu chake sandukuni na hakukiona. Binti alimshika mkono akampitisha kwenye mikufu, akampitisha kwenye bangili na pete, akamweleza habari ndefu za kila kimoja, mambo ambayo siku nyingine angeyamaliza kwa maneno matatu. Mama aliitikia kwa kichwa kwa adabu. Kisha akauachia mkono wa bintiye na kwenda moja kwa moja hadi kabati la katikati.

Alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu mpaka mlinzi akaanza kutazama upande ule. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye kwanza, mama yake baadaye. Alimsogelea, akainamisha macho na kumnong'oneza.

"Yamekwisha, mama. Hakuna atakayekuuliza chochote."

"Mimi ndiye niliyetaka kuuliza," mama akasema taratibu, bila kugeuka. "Mkuu wao wa zamani aliziazima kwangu zote mbili, hereni za bibi yako. Akanirudishia moja kwa siri, hata namba yao haijafutwa, nyingine akasema imepotea. Baadaye nikaiona kwenye droo yao nikisafisha stoo, nikanyamaza, kwa sababu mshahara wao ndio uliokuwa unakusomesha."

Akamgeukia.

"Lakini ya pili nilibaki nayo mimi. Mwanangu, nani amewapa?"