Maua ya Vitambaa

Fundi cherehani alikunja kipande cha satini nyekundu, akakizungushia waya, akakaza uzi, na ua likawa tayari. Mkewe alilipokea akalichomeka kwenye chupa ya jamu iliyooshwa ikafungwa utepe. Meza zote za sherehe ya miaka yao arobaini ya ndoa zingepambwa kwa mabaki ya kazi ya fundi, na mama wa watu moyo ulikuwa umemtulia, maana tangu asubuhi mumewe hakuteleza hata kwa neno moja.

Kwa muda mrefu alikuwa akimfichia siri yake. Watoto wakipiga simu, baba amelala. Wakipiga tena, baba yuko bafuni. Leo walikuwa wanakuja wote, naye aliomba apate siku hii moja tu.

"Yamependeza," alisema fundi, akinyoosha ukingo wa ua kwa ukucha wake uliopasuka. "Ni harusi ya nani?"

"Ni sherehe yetu, mume wangu. Mimi na wewe."

Fundi alimtazama kwa adabu, kama anavyomtazama mteja mgeni.

"Hongera sana, mama. Na mzee wako yuko wapi? Mbona kakuachia kazi yote hii?"

Nje milango ya gari ilifunguka, sauti za wajukuu zikajaa uani. Mkewe akamsogezea fundi rundo la vitambaa.

"Yuko njiani," alisema. "Nisaidie tumalize kabla hajafika."

"Usiwe na wasiwasi," fundi alijibu, akichukua mkasi. "Hatutamwaibisha."